Halim El-Dabh: kutoka ngoma ya pepo hadi maabara ya sauti

Vijana wanaojifunza kwangu utayarishaji wa muziki hapa Mtwara huamini kwamba muziki wa elektroakustiki, yaani ule unaotungwa kwa kunasa sauti na kuzigeuza kwa mitambo, ulizaliwa Ufaransa mwaka 1948, Pierre Schaeffer aliporusha redioni tungo zake za milio ya treni na masufuria. Schaeffer anastahili heshima yake. Hata hivyo, mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo mjini Cairo, tena kwa ngoma ya uganga.

El-Dabh, aliyezaliwa mwaka 1921 na kusomea kilimo, aliazima kwenye kituo cha redio kinasa sauti cha waya wa chuma, akanasa wanawake wakiimba katika zar, ngoma ya kutuliza pepo ambayo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Studioni alizipitisha sauti hizo katika chumba cha mwangwi, akaiondoa sauti ya msingi na kubakiza zile za juu zinazoambatana nayo, kisha akanasa upya. Kipande kilichosalia, Wire Recorder Piece, ni cha dakika mbili hivi, na sauti za waimbaji zimekuwa wimbi linalopanda na kushuka.

Darasani huionyesha mbinu hii kwa sindimba, ngoma ya Wamakonde wa huku kwetu. Ngoma ikishapashwa moto hadi ngozi ikakaza, kila pigo huwa na sehemu mbili: kishindo cha mkono, halafu mlio unaofifia. Tukikikata kishindo kwenye kompyuta, tukaupiga mlio uliobaki ndani ya chumba kitupu na kuunasa tena, hata mwanafunzi aliyekulia Newala huuliza hicho ni chombo gani. Nafurahi sana kila ninapolisikia swali hilo, kwa sababu wengi huja wakidhani kwamba kuitumia ngoma ya nyumbani ni kuibandika tu juu ya biti.

Mwaka 1950 El-Dabh alikwenda Marekani, akafundishwa na mtunzi Aaron Copland, na mwaka 1958 akamtungia mcheza dansi Martha Graham muziki wa onyesho lake, Clytemnestra. Mwaka uliofuata, katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha Columbia-Princeton, alitunga Leiyla and the Poet, kazi ninayoiona kuwa kilele chake, kwa kuwa sauti za watu, ala na mitambo zinasemezana bila moja kuimeza nyingine. Baadaye alifundisha Addis Ababa, na kuanzia 1969 katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Alifariki mwaka 2017.

Anayetaka kumfuata kwa ngoma zetu aanze kwa nyakanga, yaani kiongozi wa unyago, kabla hajawasha kinasa sauti, maana nyimbo za unyago zina wenyewe. Ile atakayokatazwa asiinase, hata kama anakusudia kuigeuza isitambulike.