Neno "wasiwasi" na kosa la kusema "acha"

"Acha wasiwasi." Nimeyasikia tena maneno haya wiki iliyopita, kwenye benchi la zahanati, mama mtu mzima akimwambia binti aliyejishika kifua akilia kwamba moyo unamwenda mbio na pumzi haitoshi. Aliyasema kwa upendo kabisa. Hata hivyo yaliniuma.

Ugonjwa wa wasiwasi ni hofu iliyozidi jambo lenyewe, inayobaki hata jambo likiisha, na inayomkwamisha mtu: halali, kazi haziendi, anakwepa watu. DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unataka wasiwasi wa jumla, yaani usiofungwa na jambo moja, uwe umedumu miezi 6 au zaidi, siku za kusumbuka zikiwa nyingi kuliko za nafuu. Upo pia mshtuko wa ghafla unaofika kilele ndani ya dakika chache, ambao wengi hudhani ni presha au moyo. Kupimwa moyo kwanza si kosa.

Kinachotuponza ni neno. Tumelipata kwa Waarabu, waswas, na huko lilikuwa sauti kabla ya kuwa hofu: mnong'ono, hata mlio mwepesi wa mapambo mwanamke anapotembea. Kisha likawa jina la mnong'onaji mwenyewe, yule wa Surat An-Nas, sura ya 114, anayenong'ona vifuani mwa watu na kurudi nyuma. Ndiyo maana Pwani ukisema fulani ana wasiwasi, mzee wa msikitini huenda akafikiria udhu: mtu ameosha mkono mara 3, anashuku, anaanza upya, na wenzake wamesharukuu. Hali hiyo ikizidi nayo ni maradhi, lakini ni maradhi mengine. Mwaka 2013 DSM iliyatoa katika kundi la magonjwa ya wasiwasi ikayapa kundi lake yenyewe. Waarabu hadi leo hayo ndiyo wanayoyaita waswas. Hofu ninayoieleza hapa wao huiita qalaq. Sisi neno moja tumelibebesha yote: shaka ("nina wasiwasi naye"), hofu ya mtihani, mnong'ono wa shetani, na ugonjwa.

Mnong'ono wa shetani tumefundishwa kuupuuza na kujikinga kwa Mungu. Naamini "acha" imetokea huko, ikahamia mahali isipofaa. Binti yule hakuwa ameshika kitu cha kuachia. Mwili wake ulikuwa umejiandaa kukimbia hatari ambayo haikuwepo.

Anayeumwa hivi, katika tiba ya mazungumzo, hufundishwa kukikaribia kidogo kidogo kile anachokikwepa mpaka mwili ukizoee. Dawa za kila siku pia zipo, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wapo wanaozitupa siku ya kumi wakisema hazifai. Diazepam hutuliza upesi, lakini ikitumiwa muda mrefu mwili huitegemea, kwa hiyo si ya kujinunulia dukani. Hakuna katika haya kinachomzuia mtu swala wala dua zake.

"Usiwe na wasiwasi" mwambie mgeni anayeogopa kukosa basi. Huyu wa kwenye benchi, mama yangu, sogea ukae naye, pumzi ikimrudia umuulize: "Hali hii imekuanza lini, mwanangu?"