Kata nyeupe haijapona malaria

"Hizi kata mbili nyeupe tukajifunze kwao, malaria wameimaliza." Juzi nimeisikia tena kikaoni, kalamu ikielekezwa kwenye ramani ya wagonjwa wa malaria niliyoichora mwenyewe, ambayo rangi ikikolea wagonjwa ni wengi. Nimechoka.

Habari ya kugawa wagonjwa kwa idadi ya watu sirudii. Sensa ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu 5,383,728 na Katavi 1,152,958. Ukipaka rangi idadi ghafi ya wagonjwa umechora ramani ya sensa. Gawa, zidisha kwa 1,000, tuendelee.

Ugomvi wangu ni na huo weupe. Nilirudi DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kuzitazama kata zenyewe. Ya kwanza, zahanati yake haijaleta ripoti ya MTUHA (taarifa za huduma za afya) miezi miwili. Ya pili ilileta, ila mRDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, ziliisha wiki ya kwanza ya mwezi. Watu wenye homa waliendelea kupanga foleni na dawa wakapewa, lakini bila kipimo hakuna wa kuandikwa "amethibitika". Rangi ikafifia kwa sababu boksi la vipimo limeisha!

Kisha kuna hili linaloniudhi kuliko yote: DHIS2 usipoiagiza itunze sifuri, haiitunzi. Muuguzi anajaza 0 kwa uaminifu wake wote, mfumo unaitupa, nawe unapakua seli tupu inayofanana na ya mwenzake ambaye hakujaza kitu. Ukijumlisha kwenye Excel, ile tupu inahesabika sifuri. Ikifika ramani, inapata rangi hafifu kuliko zote. Hapo hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Siku hizi pasipo na ripoti napaka kijivu chenye mistari, na pembeni ya ramani naweka grafu ndogo ya waliopimwa. Grafu hiyo ikishuka pamoja na wagonjwa, usishangilie, uliza stoo.

Kata ikileta chini ya asilimia 80 ya ripoti, kijivu. Kwa nini 80? Nimeirithi, ukiniambia 75 sina hoja ya kukupinga. Tena nikikaza hivyo, kata za pembezoni, zenye barabara mbovu, ndizo zinazofutika, na pengine ndizo zenye shida ya vyandarua kuliko zote. Hilo sijalipatia dawa.

Yule wa kalamu kaniomba nikiondoe kijivu, eti hakipendezi kwenye slaidi. Nimemtumia orodha ya zahanati zinazodaiwa ripoti.