Darasa Bila Hundi Halimtoi Mwekezaji

Mwaka 1957 wahandisi wawili waliotoka maabara ya chuo kikuu cha MIT, Ken Olsen na Harlan Anderson, walipata dola 70,000 kutoka ARDC, kampuni ya uwekezaji ya Boston. ARDC ilianzishwa mwaka 1946, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Karl Compton, rais wa MIT. Sisemi kwamba vijana hao walibebwa. Kampuni yao, Digital Equipment Corporation, ilikua hadi hisa za ARDC zikathaminiwa kwa zaidi ya dola milioni 300. Ila tangu mwanzo kabisa fedha za namna hii, yaani mtaji wa ubia, zimepita njia ya kujuana, na hadi leo zinaipita. Ndiyo maana nina shaka na wazo kwamba mafunzo peke yake yanaweza kumfanya mtu aliye nje ya njia hiyo awe mwekezaji.

Mtaji wa ubia ni fedha za kununua hisa katika kampuni changa ambayo benki haiwezi kuikopesha, kwa kuwa haina mali ya kuweka rehani wala mapato ya kulipia riba. Kampuni nyingi kati ya hizo hufa, na chache zinazopona ndizo zinazofidia hasara ya zote. Anayechagua huchagua gizani, na aliye gizani hushika anachokijua: chuo alichosoma, rafiki aliyemletea mwombaji, lafudhi ambayo sikio lake limeizoea. Ndiyo maana wanawake, watu weusi wa Marekani na wengi waliozaliwa mbali na ukwasi ni wachache pande zote mbili za meza, ya kuomba na ya kutoa.

Wengi wanadhani dawa ni kubadilisha sura za wanaotoa. Inasaidia, lakini haitoshi. Dana Kanze na watafiti wenzake walichambua maswali ambayo wawekezaji waliwauliza waanzilishi wa kampuni changa kwenye mashindano yao ya TechCrunch Disrupt jijini New York. Karibu theluthi mbili ya maswali kwa wanaume yalihusu faida na ukuaji, na karibu theluthi mbili ya maswali kwa wanawake yalihusu hasara na jinsi ya kujikinga nayo. Walioulizwa kuhusu ukuaji walipata fedha nyingi zaidi. Na wawekezaji wanawake waliuliza kwa mtindo uleule wa wanaume. Mgeni mezani hujifunza mazoea ya wenyeji, yakiwemo mabaya, asipofundishwa kuyatambua.

Kwa hiyo mafunzo ya uwekezaji yana kazi yake. Mwanafunzi anapaswa kujua kusoma orodha ya wanahisa, kukokotoa jinsi umiliki wa mwanzilishi unavyopungua kila fedha mpya zinapoingia, kufanya uhakiki wa kina, yaani kuichunguza kampuni kabla ya kuipa fedha, na kuandika andiko la uwekezaji lenye sababu za kukubali au kukataa. Haya yote yanafundishika. Kinachowakwamisha wahitimu wetu kiko nje ya mtaala.

Tazama hesabu ya mfuko mdogo wa dola milioni 10, yaani fedha za watu wengine ambazo msimamizi huziwekeza kwa niaba yao. Ada ya usimamizi kwa desturi ni asilimia 2 kwa mwaka, yaani dola 200,000. Humo zitoke mishahara, wanasheria, wahasibu, wakaguzi na nauli. Wenye fedha humtaka pia msimamizi aweke zake, mara nyingi asilimia 1 hadi 2 ya mfuko: dola 100,000 hadi 200,000 za mfukoni mwake. Fungu lake la faida, kwa kawaida asilimia 20, huja baada ya wenye fedha kurudishiwa mtaji wao, na mfuko huishi miaka 10 hivi. Ongeza mwaka mmoja au miwili ya kutafuta fedha kabla mfuko haujafunguliwa, bila mshahara wowote. Nani anaweza kusubiri hivyo? Aliyerithi, au aliyekwisha kuuza kampuni yake. Mtoto wa fundi cherehani, hata awe hodari kuliko darasa zima, kodi ya nyumba haimsubiri.

Sheria nazo zina vizingiti. Nchini Marekani, sehemu kubwa ya hisa zisizouzwa hadharani huwaendea wale wenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au mali ya zaidi ya dola milioni 1 bila kuhesabu nyumba wanayoishi. Mwaka 2020 Tume ya Dhamana na Masoko ya nchi hiyo iliongeza mlango: mwenye leseni fulani za kitaaluma naye anakubalika. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, kwa sababu umeyapa maarifa nafasi ambayo zamani ilikuwa ya fedha peke yake.

Programu inayostahili muda wako ni ile inayokuacha na rekodi. Baadhi ya mifuko humpa mtu fungu dogo awekeze kwa uamuzi wake, kisha hugawana naye faida. Hiyo ni njia nzuri sana, maana hata hundi ya dola 25,000 yenye jina lako inazungumza zaidi ya cheti. Ipo pia mipango ambapo msimamizi mkongwe humruhusu mgeni kuketi kwenye kamati ya uwekezaji akiwa na kura. Kura hiyo ndiyo naiulizia kwanza kila ninapoombwa maoni kuhusu programu mpya. Wengi huniambia mgeni ataketi kama msikilizaji tu.

Ulezi wa mwekezaji mgeni nao usiishie kwenye chai na nasaha. Wenye fedha, kabla ya kutia saini, huwapigia simu watu waliofanya kazi na msimamizi mpya na kuwauliza alivyojitoa kwenye uwekezaji mbaya, na alivyomwambia mwanzilishi ukweli mgumu. Asiye na mtu wa kuipokea simu hiyo hukosa fedha hata kama hesabu zake ni safi. Basi unapokutana na mlezi wako siku ya kwanza, muulize wazi: baada ya mwaka mmoja, simu hiyo ikilia, utakuwa umeniona nikifanya nini?