Kalamu ya Mdodosaji

Ninapopewa mpango wa jaribio la kisaikolojia niukague, ukurasa ninaoutafuta kwanza si wa takwimu, bali ule unaoeleza ni nani atakayeketi na mshiriki, na mtu huyo atakuwa anajua nini.

Mwaka 1904, mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hisabati, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato chini. Tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf ilimchunguza isione hila, na kweli hila haikuwapo. Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf, ndiye aliyebadili mpangilio: safari nyingine muulizaji mwenyewe hakujua jibu, na nyingine farasi alizibwa asimwone muulizaji. Hapo ujuzi wa Hans ukayeyuka. Katika taarifa yake ya 1907, Pfungst alieleza kwamba muulizaji aliinama kidogo akingoja jibu, kisha, kwato ilipotimiza idadi, akainua kichwa bila kujijua, na farasi akakoma kugonga. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba Pfungst, hata baada ya kuitambua ishara hiyo, alishindwa kujizuia kuitoa. Ndiyo maana siafikiani na wanaodhani kwamba semina ya maadili inatosha kuondoa upendeleo wa mpimaji, yaani matarajio yake kuyaelekeza majibu bila yeye kujua.

Niliwahi kuketi nyuma ya mdodosaji wetu, kijana mwaminifu kabisa, akimuuliza mama mmoja iwapo katika majuma mawili yaliyopita alikosa hamu ya kufanya mambo. Mama alikuwa katika kundi lililopata vikao vya ushauri nasaha, na kijana alilijua hilo. Kabla hajajibiwa, kalamu ilikwisha kutua juu ya kisanduku cha “hapana kabisa”. Mama akaitazama kalamu, akamtazama kijana, akasema, “Hapana, mwanangu.”

Siku hizi anayeendesha vikao hapimi, fomu hubeba namba tu, na orodha ya mgawanyo wa bahati nasibu, inayoonyesha nani ameangukia kundi gani, hukaa kwa mtu asiyefika uwandani. Hata hivyo, ushauri nasaha si kidonge. Huwezi kutengeneza wa bandia usiotambulika, kwa hiyo mshiriki anajua alichopata, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayeifichua siri katikati ya mahojiano: “Tangu nianze vile vikao…” Tunamwomba mapema asivitaje, na mwishoni mdodosaji huandika anadhani mshiriki alikuwa kundi gani. Makundi yakiwa mawili yaliyo sawa kwa idadi, kupatia karibu nusu ni kubahatisha tu. Akipatia zaidi ya hapo bado siharakishi kusema kwamba siri imevuja, kwa sababu huenda vikao vimemsaidia mshiriki kweli na nafuu yake inaonekana usoni. Kwa hiyo chini ya kisanduku hicho tumeacha mistari miwili, mdodosaji aandike ni nini kilichomfanya adhani hivyo.