Kiongozi kijana wa okestra na pigo lisilo na sauti

Anayejifunza piano hufungua piano akaanza mazoezi. Anayejifunza kuongoza okestra hana ala nyumbani: ala yake ni watu 60 au zaidi, na akiwapata, huwapata kwa dakika chache. Kwa hiyo kazi yake kubwa hufanyika kimya kimya, juu ya partitura, yaani kitabu chenye nota za ala zote kwa pamoja.

Nasisitiza partitura isomwe kabla ya kusikiliza rekodi yoyote. Imba kila mstari peke yake, kisha piga besi kwenye piano huku ukiimba fidla. Zoea pia ala ambazo nota zake hazisikiki kama zilivyoandikwa: C ya klarineti ya B flati husikika B flati, C ya honi ya F husikika F iliyo chini yake. Asiyezoea atasikia kosa mazoezini asijue amwambie nani. Rekodi ikitangulia, mkono hujifunza kufuata badala ya kuongoza, na wapigaji hulibaini hilo mapema sana.

Mkononi, pigo gumu kuliko yote ni la maandalizi, lile linalotangulia sauti. Mwendo, nguvu na pumzi lazima vionekane humo. Chukua mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven: 2/4, yaani mapigo mawili katika kila kipimo (kipande kifupi cha muziki), ila mkono hupiga mara moja tu kwa kila kipimo. Kinaanza kimya cha thumuni (nota fupi, nusu ya pigo), ndipo ala za nyuzi na klarineti zinapiga thumuni tatu, kisha nota ndefu inayoshikiliwa. Maana yake mkono unatua pasipo na sauti, na wapigaji wanaingia baada yake. Ukisita unapotua, wengine wataingia, wengine watasubiri. Ukitoa mapigo mawili ya akiba ili ujihakikishie, kuna atakayeingia mapema. Toa moja tu, kwa mwendo uleule unaoutaka, na uvute pumzi pamoja nalo. Nota ndefu nayo ina mtego wake: ukiikata kwa ishara moja kisha ukaandaa kwa nyingine, ukimya utarefuka kuliko ulivyoandikwa.

Mazoezini, ukisimamisha okestra, taja ala, mahali na unachotaka, basi. "Fagoti, vipimo vinne baada ya herufi D, fupi zaidi" (herufi ni alama za mahali kwenye nota). Hotuba hula muda. Kosa ambalo mpigaji mwenyewe amelisikia, mwachie alisahihishe.

Kazi ya kwanza mara nyingi ni usaidizi: kukaa ukumbini, kusikiliza kama matarumbeta yanafunika nyuzi, na kuijua programu nzima kana kwamba ni yako. Leonard Bernstein alikuwa kiongozi msaidizi wa New York Philharmonic mwenye miaka 25 alipomshikia nafasi kiongozi mgeni Bruno Walter aliyeugua, tarehe 14 Novemba 1943, pale ukumbi wa Carnegie Hall, New York, bila mazoezi. Wengine hupitia nyumba za opera, wakiwapigia waimbaji piano. Njia hiyo naipenda, kwa kuwa hufundisha kupumua na muimbaji. Mashindano nayo hufungua milango haraka: kiongozi wa okestra Gustavo Dudamel alishinda lile la viongozi wa okestra la Bamberg, Ujerumani, mwaka 2004. Mialiko ikianza kumiminika, kubali programu moja kwa okestra tatu kabla ya kukubali programu tatu mpya ndani ya mwezi mmoja.