Maana ya leseni ya picha katika vitabu

Katika ofisi za wachapishaji wa Kampala, na hata katika maduka ya uchapaji ya Nasser Road, kuna kauli inayosemwa mara kwa mara bila mtu kushtuka: "Hiyo picha tulishainunua." Husemwa toleo la pili la kitabu linapoandaliwa, husemwa picha ya ndani inapohamishiwa kwenye jalada, na husemwa pia kitabu kilichokuwa cha karatasi kinapoanza kuuzwa mtandaoni. Anayeisema huwa anaamini kwamba anasema kweli, kwa sababu fedha zilitoka na mpiga picha alizipokea. Hata hivyo, kilicholipiwa karibu kila mara ni leseni, na leseni ina mipaka ambayo kauli hiyo inaifuta yote kwa mpigo.

Leseni ya picha ni ruhusa inayotolewa na mwenye hakimiliki ili picha yake itumiwe kwa namna iliyotajwa, kwa kiasi kilichotajwa, na kwa muda au toleo lililotajwa, huku hakimiliki yenyewe ikibaki mikononi mwake. Ada ya leseni ni malipo ya ruhusa hiyo. Maana haizidi hapo. Kinachohitaji maelezo marefu ni tofauti kati ya leseni na vitu viwili vinavyochanganywa nayo, yaani faili ya picha na hakimiliki ya picha.

Faili ni nakala tu. Mpiga picha anapomtumia mhariri faili kubwa inayofaa kuchapwa, amemkabidhi nyenzo ya kazi, kama ambavyo zamani angemkabidhi picha iliyosafishwa kwenye karatasi au filamu yenyewe. Kuwa na faili kwenye kompyuta ya ofisi hakumpi mtu haki ya kuichapa, na kuilipia faili si lazima kuwe kulipia haki. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika picha za zamani. Kwa sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006, haki za kiuchumi katika picha, yaani haki za kujipatia fedha kutokana nayo, hudumu miaka 50 tangu picha ilipopigwa, kwa hiyo picha ya sherehe za uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962 haidaiwi tena ada ya leseni hapa nchini. Hata hivyo, mwenye kuihifadhi picha hiyo anaweza kutoza gharama ya kuitafuta, kuiskani na kuituma, na ana haki ya kufanya hivyo. Hiyo ni ada ya kupatiwa nakala, na mhariri anayeiandika katika hesabu zake kuwa ni "ununuzi wa haki" amelipia kitu kimoja akaandika kingine.

Hakimiliki nayo ni mali. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye hakimiliki kuishughulikia kama mali inayohamishika: anaweza kuihamisha, kuirithisha, au kutoa leseni. Kuhamisha na kutoa leseni ni mambo mawili yaliyotajwa kila moja kwa nafasi yake, na ni hapa ambapo ndimi za wengi huteleza. Anayehamishiwa haki amekuwa mwenye mali na anaweza kufanya atakacho, hata kumzuia aliyepiga picha asiitumie tena. Anayepewa leseni amepewa matumizi. Mtu aliyekodi ekari moja huko Masindi kwa msimu mmoja wa mahindi analima kwa haki kabisa, lakini hadai hati ya ardhi mavuno yakiisha. Hata leseni ya kipekee, ile inayomzuia mpiga picha kumpa mtu mwingine ruhusa ya aina hiyo kwa muda uliokubaliwa, haigeuki kuwa uhamisho kwa sababu tu bei yake ni kubwa. Muda ukiisha, upekee umekwisha.

Ukiuelewa mpaka huo, suala la bei halikusumbui sana. Mpiga picha hatozi thamani ya picha kwa ujumla wake, anatoza ukubwa wa ruhusa. Chukua maneno ya leseni ya kawaida kwa kitabu cha kiada cha Kiswahili: "Picha moja ya rangi, robo ukurasa, ndani ya kitabu, toleo la kwanza, nakala zisizozidi 5,000, lugha moja, kuuzwa Uganda, kwa chapa ya karatasi pekee, bila upekee." Kila kipande cha sentensi hiyo kina bei yake. Robo ikiwa ukurasa mzima, ada inapanda. Picha ikienda kwenye jalada, inapanda zaidi, kwa kuwa jalada ndilo linalouza kitabu. Uganda ikiwa Afrika Mashariki nzima, au karatasi ikiongezewa toleo la kielektroniki, ruhusa imepanuka na malipo yanapanuka nayo.

Idadi ya nakala ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba leseni hiyo ya nakala 5,000 ililipiwa shilingi 200,000. Hiyo ni shilingi 40 kwa kila nakala, kiasi ambacho hakuna mnunuzi wa kitabu atakayekihisi. Kitabu kikikubaliwa mashuleni na kuchapwa nakala 60,000 kwa malipo yale yale, fungu la mpiga picha katika kila nakala limeshuka hadi shilingi tatu na kidogo. Desturi ya kazi hii haidai kwamba bei ipande mara 12 kwa sababu nakala zimepanda mara 12. Ada hupanda kwa ngazi, na kila ngazi nyongeza kwa nakala hupungua. Lakini hupanda. Kuchapa tena toleo lile lile bila kubadilisha neno nako kunahesabiwa ndani ya nakala zile 5,000, kwa maana mpaka uliowekwa ni wa nakala, na mashine ya uchapaji haijui kama inachapa mara ya kwanza au ya tatu.

Sasa kuna jambo la sheria yetu ambalo ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni haulitaji, kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Nchini Uingereza, tangu sheria yao ya mwaka 1988, mpiga picha wa kujitegemea aliyeagizwa kazi hubaki na hakimiliki yake isipokuwa ameitoa kwa maandishi. Uganda si hivyo. Kwa sheria ya 2006, kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, kama hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake huwa ya aliyeagiza, na kazi ya mwajiriwa aliyoifanya katika ajira yake huwa ya mwajiri. Maana yake ni kwamba mchapishaji aliyemtuma mpiga picha Kisoro akampigie picha za kilimo cha viazi kwa ajili ya sura ya nne ya kitabu, bila kuandikiana lolote, anaweza kusema "picha hizi ni zetu" na sheria ikamsikiliza. Mchapishaji huyo huyo akichukua picha ya wavuvi wa mukene (dagaa) ambayo mpiga picha alikuwa ameipiga mwenyewe mwaka uliotangulia, hana zaidi ya leseni aliyopewa, hata kama mpiga picha ni yule yule, malipo ni yale yale, na faili zilitumwa katika barua pepe moja.

Hii ndiyo tofauti ninayoona ni ya lazima kutajwa kila mara, kwa kuwa inawaumiza watu wa pande zote mbili. Wapiga picha wengi vijana hudhani wamebaki na haki ambazo kwa kunyamaza kwao wamekwisha kuzitoa. Wachapishaji nao hudhani kanuni ya kazi ya kuagizwa inafunika kila picha iliyowahi kupita ofisini kwao. Kwa maoni yangu kanuni hiyo inamwelemea mpiga picha kupita kiasi, hasa anapolipwa posho ya siku moja kwa picha zitakazotumika miaka mingi, lakini yenyewe inaacha mlango wazi kwa maneno "kama hakuna mkataba unaosema vinginevyo". Mistari miwili iliyotiwa saini kabla ya safari ya Kisoro ingetosha kubadilisha mambo.

Kosa lingine la karibu na hilo linahusu picha zinazouzwa na kampuni kubwa za kimataifa chini ya leseni "isiyo na mrabaha". Wengi husikia neno hilo na kuelewa kwamba picha ni ya bure. Mrabaha ni malipo yanayojirudia kadiri kazi inavyotumika; leseni isiyo na mrabaha ni ile inayolipiwa mara moja, kisha mtumiaji hahesabiwi kila anapoitumia. Hata hapo mipaka ipo: leseni ya kawaida ya Shutterstock, kwa mfano, inaishia kwenye nakala 500,000 za kuchapwa. Leseni za Creative Commons, zile za wazi ambazo mwenye kazi humpa mtu yeyote, ndizo zisizodai malipo, lakini nazo zina masharti ya kumtaja mwenye kazi, na baadhi zinakataza matumizi ya kibiashara, jambo linaloziondoa katika kitabu kinachouzwa.

Wapo watakaosema kwamba kitabu ni cha elimu, na elimu imeruhusiwa. Ni kweli sheria inatoa nafasi ya "matumizi ya haki", yaani kuitumia kazi bila ruhusa kwa kiasi kinachokubalika, kwa kufundishia, kwa sharti la kuitaja kazi na mwenye kazi. Lakini inaagiza pia kutazamwa kama matumizi ni ya kibiashara, ni kiasi gani cha kazi kimechukuliwa, na soko la kazi hiyo limeathirika vipi. Picha huchukuliwa nzima, na kitabu cha kiada huuzwa. Sioni jinsi mchapishaji anavyoweza kuliegemea tumaini hilo akalala usingizi. Tena, haki ya aliyepiga picha kutajwa jina lake ni haki ya kimaadili, na kwa sheria yetu haina mwisho. Haifi baada ya miaka 50 na hailipwi kwa ada. Maandishi madogo yanayosema "Picha: hisani ya mtandao" hayamtaji mtu yeyote, kwa sababu mtandao haujawahi kushika kamera.

Kwa hiyo mhariri anayeandaa barua, badala ya kuandika "tungependa kununua picha yako", aandike "tunaomba leseni ya kuchapisha picha yako", kisha ataje ukubwa, mahali itakapokaa, toleo, idadi ya nakala, lugha, eneo la mauzo, na kama kutakuwa na nakala za kielektroniki. Mpiga picha anayeulizwa "bei gani?" asitaje shilingi kabla ya kujua mambo hayo, na kama picha bado haijapigwa, kwanza aulize hakimiliki itakuwa ya nani. Risiti nayo iandikwe "ada ya leseni, toleo la kwanza, nakala 5,000", maana miaka sita baadaye mhariri aliyekubaliana naye huenda amehama, na karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa na mgeni aliyekalia kiti chake.