Jaji yuko kwenye majaribio, nani ana mamlaka ya kumuondoa?

Hili swali tunaulizwa sana, na wengi huwa wanajijibu wenyewe kwamba hajathibitishwa kazini basi aliyemteua anamtoa tu siku yoyote. Si kweli. Ni kweli ulinzi wake ni mdogo kuliko wa jaji aliyethibitishwa, na mara nyingi anayesaini barua ya uteuzi ndo huyohuyo anasaini ya kumuondoa, ila kusaini barua na kuamua kwamba huyu hafai kazi ni mambo mawili, na hapo ndo panatakiwa paangaliwe kwa makini.

Chukua India, mwaka 1974, kesi ya Samsher Singh. Majaji wawili wa mahakama za chini Punjab waliondolewa wakiwa kwenye majaribio, mmoja wao mpaka alikuwa anadai muda wake wa majaribio ulishaisha kwahiyo alishathibitishwa. Mahakama ya Juu ikasema Gavana kusaini kwa kufuata ushauri hakuna tatizo, tatizo ni Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo katiba imeipa usimamizi wa hao majaji, badala ya kuchunguza yenyewe ikaiachia serikali ichunguze kwa kutumia idara yake. Amri zote mbili zikafutwa. Na wakasema jambo jingine ambalo naona ndo zito zaidi: hata barua ikiandikwa kwa upole kiasi gani, bila kutaja kosa lolote, mahakama itatazama sababu halisi, na ikionekana anaadhibiwa kwa utovu wa nidhamu basi alitakiwa aambiwe tuhuma zake na asikilizwe kwanza.

Ujerumani wao wameandika mpaka miezi. Jaji wa majaribio anaweza kuondolewa mwisho wa mwezi wa 6, wa 12, wa 18 au wa 24, ikipita hapo inabidi isubiriwe mwisho wa mwaka wa 3 au wa 4 na lazima iwe hafai kazi ya ujaji au kamati ya kuchagua majaji imemkataa. Akifanya kosa kubwa la nidhamu ni njia nyingine. Ukiacha hiyo ya nidhamu, barua apewe angalau wiki 6 kabla, na anaweza kuipinga kwenye mahakama maalum ya utumishi wa majaji.

Kwanini ubishi wote huu kwa mtu ambaye bado anapimwa? Kwa sababu huyo mtu tayari anaamua kesi za watu, na pengine upande mmoja ni serikali ileile inayosubiriwa imthibitishe. Uskoti mwaka 1999 mahakama iliona masherifu wa muda (kule sherifu ni jaji wa mahakama ya chini, si polisi), ambao kuendelea kwao kazini kulitegemea sana mkuu wa mashtaka, hawawezi kuhesabika kuwa mahakama huru. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1985 nazo zinataka uamuzi wa kumuondoa jaji uweze kupitiwa na chombo huru.

Kwahiyo ukisikia jaji wa majaribio kaondolewa, uliza nani alimpima, aliambiwa sababu, na je imetokea baada ya hukumu iliyowaudhi wakubwa? Na kama una kesi aliyokuamulia usiwe na presha, hukumu aliyotoa akiwa kazini kihalali haifutiki kwa sababu tu yeye ameondoka, ukitaka kuipinga unakata rufaa kama kawaida.